Panya Waliozimika

Rachidi alikuwa akipiga mluzi. Mizinga ilikuwa imelia milimani tangu alfajiri, watu wa mtaa wa Kamenge walikuwa wakishuka tena mjini Bujumbura na magodoro vichwani, na yeye, mtu mzima mwenye mke mgonjwa, alikuwa akipiga mluzi kama bwana harusi. Yeyote ambaye angemsikia angesema amerukwa na akili. Lakini hakuna aliyemsikia, maana alikuwa amejifungia katika chumba cha giza, ndani ya bohari la zamani la ngozi kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na wenzake wote mle chumbani walikuwa panya.

Alimshika mmoja kwa ngozi ya shingo, panya mweupe asiye na hata unyoya mmoja. Akamchoma sindano, akamtia usingizi, akamlaza ndani ya sanduku jeusi chini ya kamera na kufunga mlango. Kisha akasubiri mbele ya kompyuta. Picha ikaja pole pole: mwili wa panya, wa kijivu, na tumboni hapana kitu. Mwezi uliopita tumbo lile lilikuwa likiwaka kama jiko la makaa. Sasa lilikuwa giza tupu.

"Na huyu amezimika," akajisemea, akamrudisha kizimbani kwa upole ambao siku nyingine panya hawakuuona kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na si ngumu kuielewa. Panya wale walipandikizwa ndani ya ini chembe za uvimbe wa saratani, na chembe hizo zilikuwa zimetiwa kile kitu kinachomfanya kimulimuli ang'ae. Ukimchoma panya sindano ya dawa yake, kila chembe iliyo hai inatoa mwanga kidogo, mwanga ambao jicho haliuoni lakini kamera ile inauona. Hiyo ilikuwa picha ya kwanza. Ya pili ilitoka kwenye mashine nyingine iliyosimama ukutani. Panya alichomwa dawa yenye mionzi hafifu, uvimbe ukainyonya kuliko nyama nyingine zote, na mashine ikaonyesha mionzi inatoka wapi. Panya hachinjwi. Picha mbili za mnyama yule yule aliye hai zinalazwa moja juu ya nyingine, na hapo ndipo mtu anapata haki ya kusema neno.

"Picha moja ni shahidi mmoja," alikuwa akisema Daktari Candide, mwenye mradi, mama mfupi aliyesomea Ulaya na kurudi Burundi wakati kila mwenye pasipoti alikuwa akiondoka. "Mi nataka wawili."

Rachidi alimwelewa vizuri. Alikuwa daktari wa mifugo kwa elimu, lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto wa madrasa ya mtaa wa Buyenzi, na alijua kwamba shahidi mmoja hafungishi hata ndoa.

Tatizo ni kwamba shahidi wa pili alikuwa amelala. Dawa ya mionzi haiwekwi akiba, inajifia yenyewe koponi baada ya siku chache, na ilikuwa ikija kwa ndege kutoka Ulaya. Ndege za Ulaya zikaacha kutua Bujumbura kwa sababu ya risasi. Mashine ya mionzi ikafunikwa kitambaa cha maua ambacho Candide alikileta kutoka nyumbani kwake. Walibaki na kamera ya mwanga peke yake, na walibaki na ruje.

Ruje lilikuwa ganda la mti. Akina mama wa Uvira, Kongo, walilivusha mpakani kwenye vifurushi vyao na kuliuza Cibitoke, barazani, pamoja na sabuni na samaki wakavu. Ukilichemsha linatoa maji mekundu mazito yanayokaribia weusi, yanatia doa kwenye meno, kwenye nguo, hata kwenye mkojo. Nusu ya jiji ilikuwa ikiyanywa kwa kila kitu kinachovimba. Candide alitaka kujua kama kuna ukweli, akanunua gunia zima, na panya wakaanza kunyweshwa.

Wakazimika. Mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki, mwanga ukapungua tumboni mwao mpaka ukaisha. Na si hilo tu. Ngozi yao nyeupe ikapata wekundu, kama mtoto aliyetoka kuoga maji ya moto. Mizani ikaonyesha wanaongezeka uzito. Rachidi alikulia mahali ambapo mtu akipona husemwa damu imemrudia na amenawiri, na panya wale walikuwa wamerudiwa na damu na wamenawiri. Angetaka nini tena?

Angeweza kumpasua mmoja na kutazama. Hilo tusimfichie. Alikuwa na kisu, na mikono yake ilishawahi kupasua ng'ombe wazima. Wazo lilimjia zaidi ya mara moja, na kila mara alijiambia kwamba panya ni wachache, kwamba Docteur amekataza wasiguswe mpaka mionzi ije, kwamba kumwua mnyama aliyepona ni dhambi. Sababu zote zilikuwa nzuri. Ukweli ni kwamba aliogopa, na aliogopa kwa ajili ya Soumaya.

Soumaya, mkewe, alikuwa fundi cherehani. Siku moja, akijipima gauni la mteja mbele ya kioo, alikuta kwenye titi la kushoto kitu kama punje ya haragwe. Walikwenda hospitali. Daktari mpasuaji alikuwa mzee mkavu, asiyejua kubembeleza, akasema kitu hicho ni kibaya lakini bado ni kidogo, likatwe titi lote sasa hivi, naye ataishi. Akawapa tarehe. Soumaya alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu. Alikuwa amewaona watu waliokuwa wamelala kwenye korido za hospitali ile, waliopigwa mabomu, wakisubiri umeme urudi ndipo wapasuliwe. Hakuwa akiogopa kisu tu. Aliogopa kufa mezani, taa zikiwa zimezimika, kifua kikiwa wazi.

Ni wiki hiyo hiyo panya wa kwanza alizimika. Rachidi alifika nyumbani karibu akimbie.

"Nimeona na macho yangu, Soumaya," akamwambia. "Uvimbe ulikuwa unawaka, sasa hauwaki. Hakuna kisu, hakuna nini."

"Docteur wako anasema nini?"

"Docteur ni mutu wa kungojangoja. Yeye anataka mashine ingine. Lakini mi ndiye nalala na zile panya."

 Soumaya akalia, na kilio kile kilikuwa cha furaha, na tangu hapo hakuna aliyeitaja tena tarehe ya hospitali. Rachidi akawa anachota ruje kidogo kidogo kwenye gunia la maabara, anafunga kwenye gazeti, anatia mfukoni. Hakujiona mwizi. Alijiona mume.

Na kwa kuwa habari njema haikai chumbani, ikafika kwa Asiya. Asiya alikuwa dada yake Rachidi, wa mwisho kwa mama yao, aliyeolewa na fundi magari avenyu ya pili kutoka kwao. Aliposikia ya wifi yake alijipapasa mwenyewe, kama walivyofanya wanawake wengi wa mtaa ule mwezi ule, na yeye akakuta kitu. Kilikuwa kidogo sana, kidogo kuliko cha Soumaya. Mpasuaji yule yule akampa tarehe yake. Asiya akaja kumwuliza kaka yake afanye nini.

"Kunywa ruje," Rachidi akamwambia. Alisema hivyo akila wali, wala hakuacha kutafuna.

Miezi ikapita. Soumaya alikunywa bila kukosa, meno yake yakawa ya kahawia, akawa anacheka huku amefunika mdomo. Alishona kama kawaida. Ila alikuwa amehamisha sufuria zote kutoka rafu ya juu kuziweka chini, na kama kitu kiko juu alisema, "Rachidi, nisaidie," naye Rachidi alisaidia, akaona mke wake amekuwa mvivu kidogo, akampenda hata kwa hilo. Alipotaka kugusa mahali palipokuwa na punje, Soumaya aliushika mkono wake na kuuweka pengine. "Achana nayo," alisema. "Iko inaenda yenyewe."

Sasa turudi kwenye ile asubuhi ya mluzi.

Candide aliingia kabla ya saa sita mchana, amebeba kopo zito kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka. Ndege ndogo ya watu wa misaada ilikuwa imetua usiku kutoka Nairobi, na rubani mmoja, kwa kuombwa sana, alikuwa ameleta dawa ya mionzi.

"Ondoa kile kitambaa," akasema. "Haraka, inakufa huku tunaitazama."

Rachidi akaondoa kitambaa cha maua, akapangusa vumbi. Mikono ilikuwa myepesi. Alimchagua panya aliyekuwa wa kwanza kuzimika, yule aliyemwona kama mtoto wake. Wakamchoma, wakasubiri dawa isambae, wakamlaza. Mashine ikaguna. Picha haikuja kwa mara moja, ilijijenga nukta kwa nukta, kama mtu anayedondosha mchele kwenye sinia.

Nukta zikaanza kurundikana tumboni.

"Inakosea," Rachidi akasema. "Imekaa sana bila kutumika."

 Nukta ziliendelea kuja. Zilijaza ini lote, zikapanda kuelekea kifuani. Candide akaivuta picha ya mwanga ya panya huyo huyo, iliyopigwa asubuhi, akailaza juu ya hii mpya, macho juu ya macho, mkia juu ya mkia. Mahali ambapo moja ilikuwa nyeusi kabisa, nyingine iliwaka.

Wakamleta wa pili. Wakamleta wa tatu. Kamera ya mwanga ilisema hakuna kitu, mashine ya mionzi ilisema kuna kitu kuliko zamani. 

Candide akamchukua yule wa kwanza, akamwinua mbele ya taa, akamgeuza huku na huku. Akavuta ngozi yake kwa vidole viwili. "Tangu lini wako na rangi hii?"

"Tangu wapone."

"Écoute, sikiliza, Rachidi." Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele. "Hii si damu. Hii ni ruje. Imeingia mu nyama yote. We unajua mwanga hauvuki nyama vizuri, hata damu peke yake inauzuia. Tumeweka pazia jekundu mbele ya taa, halafu tukasema taa imezimika. Mionzi yenyewe haijali pazia."

"Wamenenepa, Docteur."

"Nipe kisu."

Alimpasua mbele yake, bila kukawia. Ini halikuwa ini tena. Lilikuwa rundo la vinundu, kimoja kimepanda juu ya kingine, vikubwa, vigumu, vyote vimepakaa wekundu wa maji yale. Ule uzito aliokuwa akiufurahia kwenye mizani ulikuwa hapo, umelala juu ya sahani. Rachidi alitazama, na jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba angeweza kuona haya yote miezi mingi iliyopita, kwa kisu kile kile.

Candide alinawa mikono. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya kazi, ya mtu aliyepoteza muda, na alikuwa tayari amekwishaanza kupanga namna ya kuandika kosa lile ili wengine wasilirudie. Kisha akasimama. Alilitazama lile gunia pembeni, lililokuwa limelegea kama tumbo la mwenye njaa.

"Panya hawawezi kumaliza vile," akasema. "Nani anakunywa?"

Rachidi akaukunja mdomo wa gunia.

"Rachidi. Nani anakunywa?"

"Soumaya," akasema. "Na Asiya, dada yangu."

Candide alikuwa amewahi kula nyumbani kwake sikukuu ya Idi. Soumaya alikuwa amemshonea blauzi. Candide alitafuta kiti, akakaa, akaweka mikono yenye maji juu ya magoti. Alikuwa na haki ya kumwambia mengi. Alimwambia moja tu. "Nenda. Wapeleke hospitali leo, kabla couvre-feu haijafunga barabara."

Rachidi alichukua zile picha mbili, akazitia ndani ya bahasha. Sijui kwa nini alizichukua. Labda mtu akienda kuungama anataka awe na kitu cha kushika. Alitembea kwa miguu kutoka Zone Industrielle mpaka Buyenzi, akapita mbele ya kiwanda cha sabuni, akapita gereji ambako watu walimsalimia kwa jina, na hakumwitikia hata mmoja. Alikuwa akipanga maneno. Alipanga yawe laini, yasimwangushe mtu. Alipofika mlangoni yote yakamtoka.

Soumaya alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mkono wa kulia unasukuma kitambaa, wa kushoto umelala pajani. Akainua macho, akaona bahasha, akaona uso wa mumewe. Mguu ukasimama.

"Soumaya," Rachidi akasema, "ile dawa..."

"Iko ya bure, haiponyi," Soumaya akasema.

Rachidi alibaki amesimama mlangoni.

"Ingia ukae," mkewe akamwambia. "Usisimame pale kama mutu wa kudai."

"Umejuaje?"

"Juu mi ndiye niko na huu mwili." Alivuta pumzi. "Imekuwa kubwa. Na kuko ingine huku chini ya mukono. Zamani kidogo. Inauma."

Rachidi akakaa juu ya rundo la nguo za wateja. Alitaka kukasirika, maana hasira ingekuwa nafuu. "Juu ya nini hukuniambia?"

Soumaya aliokota nyuzi kwenye sketi yake, moja moja. "Ulikuwa unarudi hapa unacheka, Rachidi. Tangu hii vita ianze sikukuona umecheka. Kila siku mutu amekufa, kila siku nyumba imechomwa, na we unaingia unaniambia panya imezimika, panya imezimika." Akatupa uzi mmoja chini. "Halafu nikasema, hawa ni watu wa masomo, wako na mashine. Pengine panya ndiyo ziko na haki, mi ndiye nakosea. Nilikuwa nagusa naona imekua, nasema, apana, vidole vyangu ndivyo vinadanganya."

  Rachidi alimwambia mkewe avae waende hospitali, na akavaa.

Mpasuaji alikuwa hospitalini, kwa kuwa siku zile alikuwa hatoki. Aliwapokea kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, aproni yake ikiwa na madoa. Alimkumbuka Soumaya. Alipapasa titi, akapapasa kwapa, akapapasa juu ya mfupa wa bega, akamgonga mgongoni na kusikiliza, halafu akamwambia avae taratibu. Akamtoa Rachidi nje kwenye korido, akazungumza naye kwa Kifaransa, katikati ya watu waliolala chini.

Alisema saratani imeshapanda na imeshashuka, na mapafu hayapendezi. Kukata sasa ni kumtesa bure. Angewapa vidonge vya maumivu, na vikiisha warudi kuchukua vingine. Kisha akauliza walikuwa wapi miezi yote ile. Rachidi akamwambia. Mzee yule akatikisa kichwa, akarudi kwa wagonjwa wake. Hakumtukana. Rachidi angependa atukanwe.

Soumaya alikuwa amefunga vifungo na kusimama mlangoni. Kifaransa chake kilikuwa kile cha shule ya msingi, lakini nyuso za watu zinasomeka kwa lugha zote.

"Sawa," akasema. "Twende kwa Asiya."

"Nitaenda mimi. We ukapumzike."

"Twende."

Wakaenda. Njiani walitembea kama siku zote, Rachidi mbele kidogo, Soumaya nyuma, mpaka Rachidi alipokumbuka akapunguza mwendo wakawa sambamba. Alitaka kumwomba msamaha. Alifungua mdomo mara mbili. Soumaya aliona, akamwambia, "Baadaye. Saa hii tuko na kazi."

Nyumbani kwa Asiya mumewe, Massoudi, alikuwa uani amejilaza chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Asiya aliwaweka sebuleni, akaleta chai. Kwenye meza kulikuwa na chupa ya plastiki yenye maji mekundu, imefika nusu.

Rachidi alizitoa picha zake. Alieleza vizuri, kama alivyosomea. Hii ni ya mwanga, hii ni ya mionzi, ni panya mmoja, tazama hapa, tazama na hapa. Asiya alitazama kwa adabu, akazirudisha.

"Kaka, ni we ulisema," akamwambia.

"Nilikosea."

"Ulisema umeona na macho yako. Leo tena umeona na macho yako." Hakuwa akimcheka. Alikuwa akimwomba asiendelee. "Mi niko vizuri. Nakula, nalala. Wifi hapa pia iko vizuri, mutaa wote unajua. Nikatwe juu ya panya?"

Rachidi akaeleza tena, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia sauti yake inafanana na ile aliyokuwa nayo siku ya kwanza, sauti ya mtu anayejua. Ilikuwa sauti ile ile. Asiya alikuwa na haki ya kutoitofautisha. Akazirudisha picha ndani ya bahasha.

Soumaya aliweka chini kikombe cha chai. Alifungua vifungo vya juu vya blauzi, akatoa bega la kushoto, akauinua mkono wake kwa kuusaidia na wa kulia, pole pole, meno yameuma mdomo. Ndipo Rachidi alipouona uvimbe kwa mara ya kwanza. Kisha Soumaya akamshika wifi yake kifundo cha mkono, akakivuta mpaka kwapani.

"Gusa," akasema.

Asiya hakutaka. Alicheka kidogo, kicheko cha aibu, akatazama mlango kama kuna mgeni. Soumaya hakumwachia. Vidole vya Asiya vikafika, vikasimama, vikazunguka, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Hiyo ndiyo ruje," Soumaya akasema. "Na mi nilianza kunywa kabla yako."

"Wifi..."

"Yako iko wapi? Uligusa leo?"

"Asubuhi." Sauti ya Asiya ilikuwa imeshuka. "Iko kadogo. Haijaongezeka sana."

"Basi kesho tunaenda kwa ule docteur. Atakukata, itauma, na utaishi. Mi nitakupeleka, nitakaa nawe mpaka wakutoe."

Asiya alikuwa bado ameweka vidole pale pale, kama amesahau kuviondoa. "Na we?" akauliza. "We watakukata lini?"

Soumaya akashusha mkono wake, akarudisha blauzi begani. Alikuwa akihangaika na kifungo kimoja kilichokataa kuingia. "Yangu wamekwisha kuiangalia," akasema. "Tumetoka kule."

Asiya akamgeukia kaka yake ili amjibu yeye. Rachidi alijaribu kuinua macho, akashindwa. Hapo dada yake akaelewa, akaanza kulia, mkono mdomoni ili Massoudi asisikie kule uani. Soumaya, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi hata moja, akamtikisa bega.

"Utalia baadaye," akamwambia. "Kwanza niambie kama utaenda."

"Nitaenda," Asiya akasema.